Kupona Baada ya Upasuaji wa Ngiri: Njia ya Wazi, Njia ya Matundu Madogo na Ibada ya Mgonjwa

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Imamu wa msikiti ulioko Njombe mjini au Makambako, ambako waumini wengi huishi kwa kulima, kubeba mizigo na kupasua mbao, hawezi kukaa muda mrefu bila ya kufikiwa na mtu mwenye ngiri. Mmoja huja kuuliza kama anaruhusiwa kusali kwa kukaa. Mwingine huuliza kama maji yanaweza kugusa kidonda. Na wa tatu, ambaye ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, huja kusema kwamba daktari amemshauri apasuliwe, lakini yeye anangoja apate fedha za kwenda Dar es Salaam kufanyiwa ule upasuaji wa matundu madogo, kwani amesikia kuwa aliyepasuliwa kwa njia ya kawaida hukaa miezi sita bila ya kunyanyua kitu.

Makala haya yanakusudia kueleza njia hizo mbili za upasuaji, tofauti iliyopo baina yake katika kupona, na hukumu za ibada zinazomhusu mgonjwa katika siku hizo. Tutaona, Insha Allah, kuwa tofauti ya kupona baina ya njia hizi ni ya siku chache, wala si ya miezi, na kwamba hasara kubwa zaidi huletwa na kungoja.

NGIRI NI NINI?

Neno ngiri katika lugha yetu limebebeshwa mambo mengi. Wapo wanaoita ngiri maumivu ya kiuno, wapo wanaoita hivyo udhaifu wa tendo la ndoa, na wapo wanaochanganya ngiri na busha, yaani ngiri maji, ambalo ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Ngiri tunayoikusudia hapa ni ile ambayo hospitalini huitwa henia ya kinena. Nayo ni sehemu ya ukuta wa tumbo, pale chini karibu na kinena, kulegea au kuachia tundu, kisha utumbo au mafuta ya tumboni yakasukumwa kupitia hapo. Mtu huona uvimbe unaotokea anaposimama, anapokohoa au anapobeba kitu, na hurudi ndani anapolala. Ukiachwa miaka mingi, uvimbe huo huweza kushuka mpaka kwenye mfuko wa korodani.

Sababu zake ni nyingi. Wapo wanaozaliwa na njia hiyo ikiwa haikufunga. Wengine ukuta hulegea kwa umri, kwa kikohozi cha muda mrefu, kwa choo kigumu cha kujikamua, au kwa kunyanyua vitu vizito. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema kuwa takriban asilimia 12 ya wanaume watu wazima wa Tanzania wana henia ya kinena. Kwa hiyo katika safu ya waumini ishirini, si ajabu wawili kati yao wakawa nayo, na pengine wanaificha kwa haya.

Ni vyema ikafahamika kuwa tundu hili kwa mtu mzima halizibwi na dawa ya kunywa, ya kupaka wala ya kuchanjwa. Anayetangaza dawa ya ngiri anaweza kutuliza maumivu, lakini ukuta uliofunguka hubaki wazi. Kinachoufunga ni upasuaji.

Hatari kubwa ya henia ni kunasa. Utumbo huingia tundu likaubana, damu isipite, na ndani ya saa chache utumbo huanza kufa. Dalili zake ni uvimbe uliokuwa ukirudi sasa kugoma kurudi, kuwa mgumu na wenye maumivu makali, kisha kutapika na kushindwa kutoa choo na upepo. Huyu haambiwi angoje kupambazuke. Hupelekwa hospitali saa ile ile.

HISTORIA KWA UFUPI

Upasuaji wa henia haukuletwa na watu wa leo. Abu al-Qasim az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia aliyefariki takriban mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho at-Tasrif, na sehemu yake ya 30 aliihusisha na upasuaji. Humo alieleza matibabu ya henia kwa kuchoma kwa chuma cha moto na kwa kupasua. Alifanya hivyo katika zama ambazo hapakuwa na ganzi wala dawa za kuua vijidudu. Kwa hiyo Mwislamu anayeona kwamba kupasuliwa ni jambo geni katika umma huu hajaisoma historia yake vizuri.

Katika miaka ya 1880, daktari Edoardo Bassini wa Italia alibuni namna ya kuushona upya ukuta wa kinena kwa kuziunganisha nyama za mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo ilienea duniani, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika zaidi katika hospitali za Tanzania. Uchunguzi wa wagonjwa 452 wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionesha kuwa wengi wao walishonwa kwa njia ya Bassini, na kwamba wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa.

Mwaka 1989 daktari Irving Lichtenstein wa Marekani na wenzake walitangaza njia ya kuweka kipande cha wavu juu ya sehemu iliyolegea badala ya kuzivuta nyama kwa nguvu ili zikutane. Kwa kuwa hakuna kuvuta, maumivu hupungua na henia hurudi kwa nadra zaidi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaenea njia ya matundu madogo, ambayo nayo hutumia wavu, isipokuwa huuweka kwa upande wa ndani.

NJIA MBILI ZINAVYOFANYIKA

a) Njia ya wazi. Daktari huchana ngozi ya kinena mara moja, kiasi cha upana wa vidole vitatu au vinne, akarudisha ndani kilichotoka, kisha akaimarisha ukuta kwa wavu au kwa kushona. Huweza kufanyika kwa ganzi ya sehemu ile tu, au kwa sindano ya mgongo inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Mgonjwa huwa macho.

b) Njia ya matundu madogo. Daktari hutoboa matundu matatu hivi, kila moja likiwa na upana wa kati ya nusu sentimita na sentimita moja, moja likiwa karibu na kitovu. Hupuliza hewa ya kaboni ili kupata nafasi, akaingiza kamera na vyombo vyembamba, akatandika wavu nyuma ya misuli huku akitazama kwenye skrini. Njia hii kwa kawaida huhitaji nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa kupoteza fahamu, pamoja na mtaalamu wake, mashine na umeme usiokatika.

Wapo wanaouliza kuhusu wavu wenyewe: je, una najisi? Wavu unaotumika kwa kawaida katika henia ya kinena hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini. Si kitu cha mnyama. Katika baadhi ya nchi zipo nyavu zilizotengenezwa kwa ngozi au utumbo wa wanyama, hata nguruwe, lakini hizo huhusishwa zaidi na upasuaji mwingine mgumu. Mwenye shaka na amuulize daktari, kwani ni haki yake.

TOFAUTI KATIKA KUPONA

Tuchukulie wapakiaji wawili wa Makambako, wote wenye umri wa miaka 40, wote wana henia ya upande mmoja isiyonasa. Mmoja amepasuliwa kwa njia ya wazi kwa kuwekewa wavu, na mwingine kwa matundu madogo. Hali zao zitakuwaje?

1. Siku ya kwanza. Wa njia ya wazi, ikiwa alipigwa sindano ya mgongo, miguu yake itakuwa na ganzi kwa saa kadhaa, na huenda akapata taabu ya kukojoa usiku ule. Aliyepigwa ganzi ya sehemu huweza kuinuka mapema zaidi. Wa matundu madogo ataamka akiwa na kizunguzungu au kichefuchefu cha nusukaputi, na anaweza kuhisi maumivu ya bega, ambayo husababishwa na ile hewa na huondoka yenyewe. Wote wawili hutakiwa kutembea kidogo siku ile ile, na wote huweza kuruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyo au ya pili yake, kulingana na hali zao na umbali wa nyumbani.

2. Wiki ya kwanza. Hapa ndipo wa matundu madogo anapopata nafuu iliyo wazi. Maumivu yake ya kinena huwa madogo, na kuinuka kitandani, kukohoa na kupanda ngazi humsumbua kidogo. Wa njia ya wazi huhisi mshono ukivuta. Wote wanaweza kuona rangi ya damu iliyovilia na uvimbe mpaka kwenye korodani. Jambo hilo hutisha, lakini kwa kawaida hupungua lenyewe.

3. Kurudi katika shughuli. Mwaka 2003 wataalamu walikusanya tafiti 41 zenye wagonjwa zaidi ya 7,000, wakakuta kuwa waliopasuliwa kwa matundu madogo walirudi katika shughuli zao za kawaida mapema kwa takriban siku 7. Mwaka 2004 utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani, kwa wanaume karibu 2,000, ulikuta tofauti ya siku moja tu. Namna ya kukadiria faida hii, basi, ni kusema kuwa ipo baina ya siku moja na wiki moja.

4. Maumivu ya muda mrefu na ganzi ya ngozi. Baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu au ganzi ya kinena kwa miezi. Hili hutokea kwa njia zote mbili, lakini kwa matundu madogo ni kwa uchache zaidi.

5. Henia kurudi na madhara makubwa. Katika utafiti ule wa mwaka 2004, baada ya miaka miwili henia ilikuwa imerudi kwa asilimia 10.1 ya waliofanyiwa kwa matundu madogo, na asilimia 4.9 ya waliofanyiwa kwa njia ya wazi. Lakini madaktari waliokuwa wamekwishafanya upasuaji wa matundu zaidi ya mara 250 walipata matokeo mazuri zaidi kuliko wenzao wenye uzoefu mdogo. Kadhalika ule mkusanyo wa mwaka 2003 ulionesha kuwa kujeruhiwa kwa utumbo au kibofu ni nadra katika njia zote mbili, ila kwa matundu madogo kulikuwa kwingi zaidi. Kwa maneno mengine, njia ya matundu ni nzuri mikononi mwa aliyeizoea, na kuizoea huchukua wagonjwa wengi.

Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa henia uliotolewa mwaka 2018 umezingatia yote haya. Umependekeza wavu utumike. Umependekeza njia ya matundu madogo pale penye vifaa na daktari mzoefu, na umeihesabu njia ya wazi ya Lichtenstein kuwa ni tiba sahihi isiyo na upungufu. Aidha zipo hali ambazo huelekea upande mmoja. Mwenye henia pande zote mbili, au ambaye henia yake imerudi baada ya njia ya wazi, au mwanamke, hunufaika zaidi na matundu madogo. Mwenye henia kubwa iliyoshuka kwenye korodani, au asiyeweza kuvumilia nusukaputi kwa ugonjwa wa moyo au mapafu, hufaa zaidi njia ya wazi.

Na ile miezi sita, imetoka wapi? Imetoka katika desturi ya zamani, wakati nyama zilipovutwa na kushonwa na watu wakaogopa uzi kukatika. Mwongozo ule wa mwaka 2018 umesema kuwa, baada ya upasuaji usio na matatizo, mgonjwa arudi katika shughuli zake kadiri anavyojisikia kuweza, kwani kuzuiwa muda mrefu hakukuonekana kupunguza kurudi kwa henia. Wengi huweza kutembea na kufanya kazi nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Ama kazi nzito, madaktari wetu wengi huagiza kungoja wiki nne hadi sita, hasa kwa aliyeshonwa bila ya wavu, na mgonjwa afuate agizo la aliyempasua kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona hali ya ndani. Hata hivyo wiki sita si miezi sita.

KUPIMA KWA MIZANI YA NJOMBE

Sasa turudi kwa yule anayengoja kwenda Dar es Salaam. Upasuaji wa matundu madogo hufanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili, na idadi ya hospitali zinazoufanya nchini imekuwa ikiongezeka. Mwenye uwezo, au ambaye daktari amemwambia kuwa hali yake inahitaji njia hiyo, hana lawama kuifuata. Lakini kutoka Makambako mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Anayekaa ndani ya basi siku nzima akiwa na kidonda kibichi, akalipa nauli ya kwenda na kurudi yeye na msindikizaji wake, na kulala ugenini siku kadhaa, amezitumia zile siku alizotarajia kuziokoa.

Na kubwa zaidi ni muda wa kungoja. Upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulioonesha kuwa mwanaume ambaye henia yake haimsumbui anaweza kusubiri kwa uangalizi, kwani kunasa kulitokea kwa nadra. Lakini wale waliishi karibu na hospitali na gari la wagonjwa. Kijiji cha milimani, njia ya udongo, mvua ya masika na usiku wa manane ni hali nyingine. Hata kutoka Makambako kwenda Njombe mjini ni kilomita kama 60. Kwa hiyo mwenye henia inayouma, inayoongezeka au inayochelewa kurudi ndani, asiifanye njia ya matundu kuwa sharti la kutibiwa. Mkoa wa Njombe una hospitali ya rufaa ya mkoa, ipo Kibena, ipo Ilembula na ipo Ikonda kule Makete. Na aende kwenye iliyo karibu naye aulize mambo manne: nani atanipasua na amezoea njia ipi, je nitawekewa wavu, ganzi gani nitapewa, na gharama ni kiasi gani.

Ukosefu wa wavu wa bei kubwa nao usiwe kikwazo. Katika utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016, wanaume 302 walipasuliwa kwa njia ya wazi. Nusu waliwekewa wavu wa viwandani na nusu wavu wa bei nafuu, wa aina itumikayo kutengeneza vyandarua, uliotayarishwa na kusafishwa kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja henia ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu, na kupona kwa makundi mawili kulilingana. Hii ni habari ya jirani zetu, katika mazingira kama yetu.

Kuhusu hukumu ya kujitibu, wanazuoni wa zamani walikhitilafiana baina ya kupendeza na kuruhusika. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, ilibainisha kuwa kujitibu huwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kuangamia nafsi, kiungo au kumfanya mtu asijiweze. Henia iliyonasa inaingia humo bila ya shaka.

IBADA YA MGONJWA KATIKA SIKU HIZO

Kanuni inayojulikana katika fiqhi ni kuwa mashaka huleta wepesi, na nyingine ni kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Tuziweke kanuni hizi mbili pamoja, kwani anayeshika ya kwanza peke yake huacha sala, na anayeshika ya pili peke yake hujitesa.

Udhu. Wengi hudhani kuwa mwenye kidonda cha henia hawezi kutawadha. Ukweli ni kuwa kinena na kitovu si viungo vya udhu. Anatawadha kama kawaida, huku akichunga maji ya kustanji yasilowanishe bandeji. Kinachoweza kumtatiza ni plasta ya sindano ya dripu iliyo juu ya mkono. Huosha sehemu nzima ya kiungo na kupangusa kwa maji juu ya plasta, na katika madhehebu ya Imam Shafi huongeza tayammamu. Wanazuoni wa Shafi wana ufafanuzi kuhusu kuirudia sala hiyo baadaye, ilhali madhehebu mengine hayamlazimishi. Kwa kuwa plasta hiyo kwa kawaida hutolewa siku ile au ya pili, sala zenyewe ni chache, na mwenye kuzirudia amejitoa katika khitilafu.

Josho. Hapa ndipo kidonda kinapohusika. Mwenye janaba huosha sehemu nzima, hupangusa juu ya bandeji na hutayammamu kwa ajili ya sehemu isiyofikwa na maji. Kwa kawaida baada ya saa 48 madaktari huruhusu maji ya kumiminika yapite juu ya kidonda kilichofunga vizuri, na ruhusa ile huishia hapo.

Ganzi na nusukaputi. Aliyepigwa ganzi ya sehemu au ya mgongo fahamu zake zipo, basi sala haimwondokei. Atasali kitandani kwa kulala ikiwa miguu haijarudi. Aliyepewa nusukaputi udhu wake umetenguka kwa kupoteza fahamu. Ama sala iliyompita, wanazuoni wa Shafi hawamlazimishi kulipa aliyepoteza fahamu kwa dawa aliyoihitaji, na wapo wengi katika zama hizi wanaomtaka alipe kwa kuwa muda wake ni mfupi kama usingizi. Kulipa ndiko kwenye usalama zaidi.

Kisimamo, rukuu na sijda. Sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala. Katika riwaya ya Bukhari alielekezwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Kosa linaloonekana sana ni mgonjwa kuvuta kiti na kukaa sala nzima kwa sababu ya sijda peke yake. Anayeweza kusimama husimama, kwa kauli ya Shafi na wengi wa wanazuoni, kisha huashiria au hukaa katika nguzo aliyoshindwa tu. Kwa upande wa tiba, rukuu na sijda havifungui wavu wala mshono uliofungwa sawasawa. Kipimo ni maumivu. Wa matundu madogo huweza kurudi kusujudu baada ya siku chache, na wa njia ya wazi huenda akahitaji wiki moja au zaidi. Kila mmoja ajipime upya kila sala.

Ijumaa na kuchanganya sala. Mgonjwa ana udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa mpaka aweze kufika bila ya taabu kubwa. Kuhusu kuchanganya sala mbili kwa maradhi, kauli mashuhuri ya Shafi ni kutojuzu, lakini Imam an-Nawawi aliiona kauli ya kujuzu kuwa ina nguvu, na ndiyo ya madhehebu ya Hanbali. Siku ya upasuaji ni mahali pa kuitumia ruhusa hii kwa anayeihitaji.

Uchi. Kinena ni uchi, na kuufunua mbele ya tabibu kunaruhusika kwa kiasi cha haja. Anayekufa kwa henia iliyonasa kwa sababu aliona haya kuonesha amefikiri kuwa ni ucha Mungu, na sivyo.

WAJIBU WA MAIMAMU NA JAMAA

Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa. Wakamwambia hana. Akaoga akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali waliomjibu pasi na elimu. Kisa hiki kinatugusa sisi tunaoulizwa. Imamu anayemwambia mgonjwa akae miezi sita, au aache kupasuliwa atumie kombe peke yake, au anayemlazimisha kusujudu siku ya pili, amejiweka pale pale walipokuwa wale. Swali la sala tulijibu kwa elimu, na swali la kidonda tulirudishe kwa daktari.

Lipo pia jambo la chakula. Mpakiaji wa magunia ya viazi, mpasua mbao na mchuma chai hulipwa kwa siku. Anapolala wiki nne, jiko lake hulala naye, na hii ndiyo sababu wengi huahirisha mpaka henia inaponasa, au hurudi kwenye gunia la lumbesa kabla ya wakati. Jamaa ya msikiti ikikubaliana kumtunza mtu kwa wiki hizo nne hadi sita, kwa sadaka, na kwa zaka akiwa fakiri au maskini, itakuwa imemsaidia kupona kuliko tofauti yoyote iliyopo baina ya njia mbili za upasuaji. Vijana wamchotee maji, wamkatie kuni, na katika baridi ya Njombe ya Juni na Julai wahakikishe ana nguo nzito. Mwenye kikohozi atibiwe kabla ya kupasuliwa, na anayevuta sigara aache. Baada ya upasuaji ale mboga na matunda na anywe maji mengi ili asijikamue chooni, na akikohoa akishikilie kidonda kwa kiganja.

Aliyerudi nyumbani na akaona homa, usaha, uvimbe unaozidi kuwa mgumu, kutapika, au kushindwa kukojoa, arudi hospitali bila ya kungoja miadi, iwe alipasuliwa kwa njia hii au ile.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape madaktari wetu ujuzi na uaminifu, na atujaalie tuwe wenye kuuliza tusichokijua. Wallahu a'lam.